Maswali ya Sinema: Bondia, mwanawe na mwongozaji aliyehesabu hatua

SWALI: Asalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, kwetu Chake Chake. Ami yangu alinipa filamu ya zamani ya Marekani inayoitwa The Champ, ya mwaka 1931, akanambia hii ndiyo mama wa picha zote za ngumi. Nimekaa nimeiangalia mpaka mwisho na sikuridhika. Nilingojea ngumi, nikaona mtu mzima mlevi na mtoto wake, farasi, kamari, jela, na pigano lenyewe likaja pale picha inapokaribia kwisha. Mwenzangu niliyeangalia naye anasomea mambo ya video. Yeye anasema huyo mwongozaji, King Vidor, hana mtindo: kaiweka kamera, watu wakazungumza, basi. Ni kweli? Na kwa nini iitwe picha ya michezo?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Si kweli, na nitakwambia kwa nini, ila itanibidi nianzie mbali kidogo, juu ya ngazi za sinema moja ya mjini Unguja.

Marehemu baba yangu alikuwa mwendesha mashine. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chakula cha usiku, bakuli limefungwa kwa kitambaa, nikapanda mpaka kile chumba cha juu chenye mashine mbili na matundu ya kutolea mwanga. Joto la vijiti vya mkaa lilikuwa likikupiga usoni ukifungua mlango. Usiku mmoja mkanda ulikatika. Huko chini watu wakaanza kupiga mbinja na kugonga viti, naye wala hakubabaika. Alizikata ncha mbili sawasawa kwa mkasi, akaikwangua moja kwa wembe mpaka ile rangi ya picha ikatoka, pakabaki peupe kama ukucha, akapaka gundi kwa kiburashi (harufu yake ninayo puani mpaka leo, ni kama ya ndizi iliyowiva mno), akazibana kwa vidole huku midomo yake inahesabu. Mashine ilipokwisha kurudi kazini, akachukua mkanda mwengine, akaunyanyua kwenye taa, akanionyesha mahali ambapo picha ya mtu inakwisha na picha ya mlango inaanza. "Hapa mimi sikukata," akasema. "Hapa kakata aliyeitengeneza. Ukitaka kumjua mtu huyo, tazama anapokata, na tazama anapokataa kukata."

Sijasoma skuli ya sinema zaidi ya hiyo. Nimesomesha hesabu Wete mpaka nikastaafu. Lakini kila picha ninayoiangalia bado naiangalia na maneno yale, na ndiyo nitakayoyatumia kukujibu.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona: Andy Purcell, anayechezwa na Wallace Beery, alikuwa bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu. Sasa anaishi Tijuana, Mexico, mpakani na Marekani, anakunywa, anacheza kamari na kila siku anasema atarudi ulingoni. Mtoto wake Dink, ambaye ni Jackie Cooper, hamwiti baba. Anamwita Champ, yaani Bingwa, na yeye mtoto ndiye mlezi wa nyumba ile. Champ anamnunulia mwanawe farasi wa mbio kwa pesa za kamari, kisha anampoteza farasi huyo huyo kwenye kamari. Mama mtoto, waliyeachana zamani na sasa kaolewa na tajiri, anatokea na kumtaka mwanawe. Champ anaingia jela, anatoka, anapigana na bingwa wa Mexico, anashinda, anamrejeshea mwanawe farasi, na anakata roho katika chumba cha kubadilishia nguo. Hadithi hiyo kaiandika Frances Marion, mwanamke wa kwanza kupata Oscar ya uandishi, na kwa picha hii akaipata mara ya pili.

Sasa fanya hivi. Irudishe mwanzo. Picha inaanza barabarani: Champ anakimbia mazoezi, na Dink anakimbia ubavuni mwake. Usisikilize wanachosema. Angalia miguu. Mtu mzito anaburuza hatua moja, mtoto anaweka mbili. Mmoja anahema, mwengine yuko mwepesi kama hajakimbia. Bado hujaambiwa na mtu kwamba huyu mkubwa amekwisha na kwamba huyu mdogo anamwamini kupita kiasi, lakini miguu imeshakwambia. Huo ndio mtindo wa King Vidor, na aliufanyia kazi miaka mingi kabla ya kufika kwenye barabara ile.

Vidor kazaliwa mwaka 1894 Galveston, Texas, mji wa kisiwani, watu wake wanaijua bahari kama tunavyoijua sisi. Alikuwa na miaka sita ilipokuja dhoruba ya 1900 iliyoua maelfu ya watu pale. Ujanani alifanya kazi katika sinema ya mji wao, anachukua tiketi mlangoni na saa nyengine anashika mashine. Nilipolisoma hilo nilifurahi peke yangu chumbani. Kumbe naye kapitia chumba kile kile cha baba.

Mwaka 1925 alitoa The Big Parade, picha ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika kujitayarisha aliangalia mikanda mingi ya jeshi, na kilichomshika hakikuwa mizinga. Kilikuwa mazishi ya askari, ule mwendo wa watu nyuma ya maiti. Akachukua metronomu, kile kidude kinachogonga ti, ti, ti ambacho wanaojifunza piano wanahesabia mapigo, akaupima mwendo ule. Kisha alipopiga sehemu ya askari wanaopita msituni wakielekea kwenye risasi, akaweka ngoma kubwa pembeni na kuamrisha kila mtu atie mguu kwa pigo la ngoma. Anayegeuza kichwa, ageuze kwa pigo. Anayeanguka, aanguke kwa pigo. Na picha yenyewe ni ya kimya! Ngoma ile hakuna mtazamaji aliyeisikia. Lakini ukiangalia sehemu hiyo kifua chako kinabana, na hujui kwa nini kinabana. Yeye mwenyewe aliita jambo hilo muziki wa kimya.

Mwaka 1934 alilirudia katika Our Daily Bread, ambayo aliitoa kwa pesa zake kwa kuwa makampuni makubwa hayakuitaka. Watu waliokosa kazi wanachimba mfereji wa kuleta maji shambani kabla mahindi hayajafa. Sururu zinashuka pigo la kwanza na la tatu. Makoleo yanachota pigo la pili na kutupa pigo la nne. Hapo nilisimamisha picha, nikawaona mama na mama zangu wadogo uani kwetu, kinu kimoja na michi mitatu. Mchi haugongani na mchi, na hakuna anayesema "sasa wewe". Ukipita nje ya ua, kabla hujamwona mtu, unajua ni wangapi wanaotwanga, na ukisikiliza vizuri unajua ni nani kati yao aliyechoka. Vidor anataka watu wa picha zake tuwajue hivyo, kwa mpigo wa miili yao kwanza, maneno baadaye.

Rafiki yako anasema kaiweka kamera, watu wakazungumza. Mwambie kwa upole kwamba hilo ndilo hasa Vidor alilolikataa. Sauti ilipoingia kwenye filamu, mwishoni mwa miaka ya 1920, kamera nyingi zilifungiwa ndani ya vibanda ili mlio wake usiingie kwenye maikrofoni. Waigizaji wakawa wanasimama karibu na mahali maikrofoni ilipofichwa, wanaongea kama wamefungwa miguu. Vidor alipotengeneza Hallelujah mwaka 1929, picha ya sauti yenye waigizaji weusi watupu, sehemu nyingi za nje alizipiga kimya huko Tennessee na Arkansas na kutia sauti baadaye, ili kamera yake isifungwe. Mpigapicha wake alikuwa Gordon Avil, na ni huyo huyo Avil aliyepiga The Champ. Kwa hiyo miaka miwili baadaye, ukiona baba na mwana wanakimbia barabarani na kamera iko pamoja nao, ujue kuna watu waliogombania uhuru huo.

Twende jela. Champ ameshaona kwamba hamfai mwanawe. Bora aende kwa mama yake. Mtoto hataki. Champ anamkaripia, mtoto yuko pale pale, mpaka mwisho anampiga kofi. Mtoto anaondoka. Mwongozaji mwengine hapa angekupa uso wa baba umejaa machozi na fidla nyuma yake. Vidor anakupa mkono. Mkono ule uliompiga mtoto, Champ anautwanga kwenye ukuta wa jela, tena na tena. Kumbuka huyu ni bondia. Mkono ndio kazi yake, ndio rasilimali aliyobakiwa nayo. Hakuna mtu anayesema "najuta" katika sehemu ile, na Vidor hakati mapema ili akuhurumie. Ngumi inakwenda ukutani na wewe unakaa nayo.

Baada ya hapo angalia mwisho, chumbani, Champ ameshakufa. Dink analia, "Namtaka Champ." Watu wazima wote mle ndani wanampenda, kila mmoja anajaribu kumshika, naye anatoka kwa huyu anakwenda kwa yule, anatoka kwa yule anakwenda kwa mwengine, chumba chote kimejaa mikono na hakuna mkono anaoutaka, mpaka anapomwona mama yake mlangoni. Nimeiangalia sehemu hiyo mara nyingi na kila mara nahesabu watu aliowapita. Mtoto aliyefiwa anafanya hivyo hasa. Nyumba za msiba za kwetu nimewaona watoto wanaozunguka hivyo, kutoka mapaja haya mpaka mapaja yale, na kila mtu anasema "njoo kwangu".

Jambo hili la mtoto anayemwamini baba aliyeshindwa Vidor alishaligusa katika The Crowd ya mwaka 1928. Mle kamera inapanda jumba refu la New York, inaingia dirishani, inapita juu ya mamia ya meza za makarani zilizopangwa kama makaburi ya vita, na kushuka kwenye meza moja. Huyo karani mmoja baadaye anapoteza kazi na anafika mahali pa kutaka kujitupa kwenye njia ya treni, na kinachomrudisha ni mwanawe mdogo anayemwambia akikua anataka awe kama yeye. Ukiziweka picha mbili hizo pamoja utaona kwamba The Champ haikuwa kazi ya kupewa tu na kampuni. Vidor alikuwa na swali lake, akaligeuza upande wa pili: safari hii baba harudi.

Sikufichi, si kila kitu mle ni kizuri. Sehemu za mama na mumewe tajiri ni baridi, wanaongea kama watu wanaosoma risala mbele ya mgeni rasmi. Mtu anaona Vidor mwenyewe anatamani kurudi Tijuana kwenye vumbi.

Kuhusu swali lako la mwisho. Umewahi kwenda kwenye mchezo wa ng'ombe, bila shaka; wewe ni mtu wa Pemba. Ngoma inalia, zumari linalia, ng'ombe yuko kwenye kamba anachokozwa. Mimi nikiwa msichana nilipelekwa na bibi yangu, na ninachokikumbuka zaidi si pembe. Namkumbuka mama mmoja aliyesimama mbele yetu, mwanawe yuko uwanjani, kashika pindo la khanga kwa meno na hakuliachia mpaka kijana alipopanda kiambaza. Mchezo wote ulikuwa umepita mdomoni mwake. Picha ya michezo inaweza kumtazama ng'ombe, na inaweza kumtazama yule mama. Vidor alichagua mama. Wengi waliotengeneza picha za ngumi baada yake wamemfuata: bondia aliyekwisha, mtu mmoja anayemwamini, pigano la mwisho lisilotakiwa na mwili. Hadithi hiyo ilitengenezwa upya mwaka 1953, bondia akageuzwa mchekeshaji, katika The Clown, na tena mwaka 1979 na Franco Zeffirelli. Ami yako alikwambia kweli.

SWALI: Mwalimu, mimi ni bondia chipukizi wa Ng'ambo. Tangu ngumi ziruhusiwe tena hapa Zanzibar nafanya mazoezi kila siku. Kocha alituonyesha pigano la mwisho la The Champ. Mbona yule Wallace Beery hajui kurusha ngumi, halafu akapewa Oscar? Na zilikuwa ngumi za kweli?

JIBU: Nimefurahi kupata barua ya bondia wa Zanzibar. Kwa miongo mingi barua kama hii isingeandikwa, kwa sababu mchezo wenu ulikuwa marufuku kwetu tangu miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi, na watu wa umri wangu tuliziona ngumi kwenye pazia tu.

Zilikuwa ngumi za kuigiza, kama karibu zote katika picha za hadithi. Beery hakuwa bondia. Alizaliwa mwaka 1885, kwa hiyo alikuwa na miaka 46, mtu mwenye tumbo na mabega mazito. Lakini jiulize anamcheza nani. Anamcheza mtu aliyeacha mazoezi zamani na kuingia kwenye pombe. Angekuwa mwepesi, anakwepa vizuri, picha ingekuwa ya uongo. Jab zake, zile ngumi za haraka za mkono wa mbele, zinachelewa, miguu haimfuati, na kila anapopigwa anachelewa kujua kwamba amepigwa. Wewe uliye ulingoni nadhani unalijua hilo la mwisho kuliko mimi. Kinachomfanya ashinde mwishoni ni uzito wake na mtu aliyemsimamia kwenye kona.

Tazama hiyo kona. Dink anataka pigano lisimamishwe, baba hataki. Hapo ndipo Vidor anapoweka pigano lenyewe. Waongozaji waliokuja nyuma waliingia ulingoni kabisa. Mwaka 1947 katika Body and Soul mpigapicha James Wong Howe alivaa viatu vya magurudumu na kuteleza katikati ya mabondia na kamera mkononi. Ukizitaka ngumi zenyewe, katafute hiyo. Ukitaka kujua pigano linamfanya nini mtu anayekupenda aliyekaa chini ya ulingo, baki na Vidor. Mchukue mama yako au mkeo, muiangalie naye.

Na kwa kuwa umeuliza ya kweli: sinema ya Marekani ilikuwa na ngumi za kweli tangu miaka yake ya mwanzo. Juni 1894 watu wa Thomas Edison walipiga picha ya pigano la Michael Leonard na Jack Cushing huko New Jersey, raundi sita zilizofupishwa kila moja kuwa dakika moja hivi, na watu wakazitazama mmoja mmoja kwenye kitundu cha sanduku. Tarehe 17 Machi 1897, Carson City, Nevada, Enoch Rector alilipiga lote pigano la James Corbett na Bob Fitzsimmons. Fitzsimmons alimwangusha mwenzake raundi ya 14 kwa ngumi ya chembe cha moyo, na picha hiyo ilikwenda zaidi ya saa moja na nusu, wakati picha nyingi za siku zile zilikuwa hazimalizi hata dakika moja. Kwa nini ngumi? Kwa sababu kamera za wakati ule zilikuwa nzito na hazizunguki kwa urahisi, na ulingo ni mdogo, watu wawili hawatoki ndani yake. Mpira ungeikimbia kamera. Mabondia waliingia ndani ya fremu, yaani mpaka wa picha, na kubaki humo.

Ile Oscar nayo ina kisa chake. Beery aliipata pamoja na Fredric March wa Dr. Jekyll and Mr. Hyde. March alimpita kwa kura moja, na kanuni za wakati ule zilisema tofauti ndogo namna hiyo ihesabiwe sare, basi wakapewa wote wawili. Vidor alikuwemo kwenye orodha ya waongozaji waliopendekezwa mwaka ule na hakupata. Aliwekwa kwenye orodha hiyo mara tano katika maisha yake na hakushinda hata mara moja. Mwaka 1979 ndipo walipompa tuzo ya heshima, naye akafariki mwaka 1982. Mimi kwa upande wangu ningempa kwa ule ukuta wa jela peke yake.

SWALI: Mwalimu, naandika kutoka Mkoani. Nina mtoto wa kiume wa miaka minane. Nimesoma sehemu kuhusu filamu hii ya The Champ na mtoto anayemlea baba mlevi. Nyumbani kwetu tuna mtihani kama huo, sitasema zaidi. Je, mwanangu anaweza kuiangalia? Na yule mtoto analia kweli au ni kuigiza? Mimi nimeangalia kidogo nikashindwa kuendelea.

JIBU: Dada yangu, pole. Nakujibu la pili kwanza.

Jackie Cooper alitimiza miaka tisa mwezi Septemba mwaka ule ule wa 1931. Alikuwa ameshajulikana kwa picha ya Skippy, ambayo kwayo alitiwa kwenye orodha ya Oscar ya mwigizaji bora, mdogo kuliko wote waliowahi kutiwa humo. Katika Skippy mwongozaji, ambaye ni mjomba wake kwa ndoa, alimliza kwa kumfanya aamini kwamba mbwa wake atapigwa risasi. Cooper alipokuwa mtu mzima aliandika kitabu cha maisha yake na jina la kitabu likawa ombi la kumhurumia mbwa huyo. Kwa hiyo ukiuliza kama mtoto yule alikuwa anajua kulia, alikuwa anajua, na alifundishwa kwa njia ambayo mimi niliyekaa na watoto darasani siipendi hata kidogo. Alisema pia kwamba Beery, anayemkumbatia kwa mapenzi mbele ya kamera, nyuma ya kamera hakuwa na ukaribu naye. Hilo lilinisikitisha nilipolijua, na limenifanya nimheshimu zaidi yule mtoto.

Kuhusu mwanao. Ndani ya picha kuna mzazi anayempiga kofi mtoto, kuna ulevi na kuna kifo. Hakuna matusi wala mambo ya aibu. Kinachonifanya nisiseme hapana ni sehemu moja: Champ amerudi hajiwezi, na Dink anamvua na kumlaza. Anafanya kwa mikono ya mtu aliyezoea, bila hasira na bila haya, kama unavyomwona mtoto wa mvuvi anavyokunja nyavu. Vidor haharakishi.

Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la nne, sitasema wapi. Kila Jumatatu alichelewa. Mara tatu nilimsimamisha nje ya mlango wa darasa kabla ya kumuuliza sababu. Siku nilipomuuliza akanambia, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za kawaida, kwamba Jumapili usiku baba yake huchelewa, na yeye hungojea amfungulie mlango, amvue viatu, amlaze na kumgeuza ubavu ili asije akapaliwa. Kisha akakaa kitini akatoa daftari lake la hesabu. Sikumsimamisha nje tena, lakini zile mara tatu nilishazifanya. Nilipoiona picha hii miaka mingi baadaye, nilipofika kwenye sehemu ile nilimwona yeye.

Watoto wa namna hiyo hudhani ni wao peke yao duniani. Kumwona mwenzake wa mwaka 1931, wa Tijuana, anafanya kazi ile ile ya usiku, huenda kukampa mwanao njia ya kusema. Ila usimwachie simu akaangalia peke yake. Mkae mchana, mlango umefungwa, wewe uwe karibu kiasi cha kuweza kumshika. Picha nzima haifiki saa moja na nusu. Mkifika jela, ukiona imemzidi, isimamishe hapo. Mnaweza kuimalizia siku nyengine, au msiimalizie. Na akikuuliza kwa nini Dink anamwita baba yake Champ, usimjibu upesi. Mwache kwanza aseme yeye anaonaje.